Nyeupe ya Kaka Jicho

12 Januari

Kaka Jicho,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunasukuma siku. Mama nyonga inamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne ameshasahau, anafuata watu na fagio. Anakusalimu na anauliza kama baridi ya huko bado inakupasua midomo. Nimemwambia midomo yako haipasuki kwa baridi, inapasuka kwa kusema.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unajua tukipigiana inakuwaje. Mimi nikifika katikati ya jambo wewe umeshalimaliza. Kwenye karatasi hata wewe itabidi unisubiri.

Nimepata kazi, kaka. Wanajenga wodi mpya ya wazazi na wanataka niwachoree kwa kompyuta picha za kila chumba kabla kuta hazijapakwa rangi: wodi yenyewe, chumba cha kujifungulia, chumba cha watoto wachanga. Picha zikiwapendeza, rangi za kuta zitafuata picha zangu. Na jengo la pili, lile kubwa la kulaza wagonjwa, litakuwa langu bila kushindanishwa na mtu. Tangu niache ajira nikafungua kiofisi changu, hii ndiyo kazi niliyokuwa naiombea.

Tatizo ni mashine. Imenichosha hadi nimeanza kuitukana kwa sauti, wateja wakiwepo. Ukiiambia ipike picha (ofisini kwangu tunasema kupika, maana unaiacha jioni na kuomba iwe imeiva asubuhi) feni zinalia kama mgonjwa, halafu katikati ya kazi inazima. Haiagi, inazima tu. Juzi ilizima picha ikiwa imebakiza kona moja ya dari. Niliitazama ile kona nikataka kuitupa mashine dirishani. Kilichoniokoa ni kwamba chini ya dirisha langu anakaa mshona viatu, na yeye hajanikosea kitu.

Fundi wa kompyuta wa hapa mtaani ananishawishi ninunue moja yenye taa za rangi ndani, pamoja na skrini iliyopinda, pana kama kitanda. Anasema vijana wanaigombania. Kusema kweli hiyo skrini naitamani. Ila kabla sijafanya ujinga nimeona nikuulize wewe, maana maisha yako yote umekula kwa macho yako, ukikagua rangi kiwandani, na hakuna mtu ninayemwamini zaidi kwenye rangi.

Mdogo wako,
Kidole

2 Februari

Mdogo wangu Kidole,

Marahaba. Sisi wazima. Watoto wanarefuka hadi suruali tunazinunua kama mkate, na wifi yako anakusalimu sana. Mwambie mama midomo iko salama, na asibebe ndoo. Najua anabeba ndoo.

Kwa huyo fundi usinunue hata kebo. Taa za rangi ndani ya kompyuta? Anakuuzia mashine au ukumbi wa disko? Nimesoma ukurasa ule nimesimama, kwa sababu kukaa kulinishinda.

Sikiliza. Kazi yako ina vitu viwili: mashine inayopika na skrini inayosema ukweli. Watu wanamalizia akili yote kwenye mashine, wakifika kwenye skrini wanachukua iliyobaki dukani. Wewe usinifanyie hivyo.

Kwenye mashine, tazama kwanza kadi ya picha, na kwenye kadi usitazame jina wala sura yake, tazama ina kumbukumbu kiasi gani ya peke yake. Wodi yako yote, na vitanda na mapazia na mwanga wa dirishani, lazima ienee humo kwa mpigo. Isipoenea, mashine inaanza kuhema, ikichoka kuhema inalala. RAM weka mara mbili ya ile unayodhani inatosha. Diski ziwe mbili, moja ya programu na moja ya kazi, ili siku moja ikifa usizike na nyingine. Feni ziwe kubwa na chache. Na hicho kisanduku cha umeme kinacholisha mashine nzima, ambacho nina hakika chako ulikichukua kwa bei ya kutupa, ndicho kinachokuzimia. Mashine yenyewe unaitukana bure.

Skrini iliyopinda ni ya kutazamia mpira. Mtu anayechora dari zilizonyooka anunue skrini iliyopinda, halafu atajuaje kipi kimepinda? Yako iwe bapa, isiwe na kioo cha kung'aa kinachokuonyesha uso wako mwenyewe, iwe na ukingo wa kuzuia mwanga wa pembeni, na rangi yake iwe ileile kona kwa kona. Isiyo hivyo itakudanganya, na wewe utamdanganya mteja kwa moyo mweupe kabisa.

Unakumbuka dukani kwa baba, alipokuwa akiandika vibao vya matangazo? Hakuna kibao kilichotoka dukani kwake kabla sijakitazama. Ndiyo maana aliniita Jicho. Na hakuna kibao kilichokauka bila alama ya kidole chako, ndiyo maana jina lako unalijua. Kutwa nilikuwa nakuambia usiguse, na kutwa ulikuwa unagusa.

Basi sitaki uhangaike. Nitanunua vyote huku, nitaiunganisha mwenyewe na rangi za skrini nitaziweka kwa jicho langu, kama tulivyofundishwa. Kisha mipangilio yote nitaifunga kwa neno la siri, ili asije fundi wako wa disko akaichezea. Ikifika, chomeka, fanya kazi, na usiguse.

Kaka yako,
Jicho

20 Machi

Kaka Jicho,

Shikamoo. Mama hajambo, ila ameambiwa na daktari apumzike na sasa anapumzika kwa hasira. Ndoo nimezificha. Wifi mwambie kitambaa alichoweka kwenye boksi kimenifaa, nimeshonea pazia la ofisi.

Mashine imefika salama, na nikikusifu kidogo usivimbe kichwa. Inapika picha nikiwa nimekwenda kunywa chai, nikirudi imeiva. Feni zake sizisikii kabisa, hadi siku ya kwanza nilidhani haijawaka. Fundi wa mtaani alikuja kuishangaa, akazunguka nyuma kutafuta taa, akakosa, akaondoka. Nilifurahi siku nzima.

Nina maswali mawili tu, na naomba uyasome polepole.

La kwanza, nyeupe. Nikifungua ukurasa mtupu naona una ubuluu, kama shati lililotiwa dawa ya kung'arishia ikazidi. Ukuta wa chumba cha watoto nataka uwe mweupe mtulivu, usio na ubaridi, kwa hiyo nauongeza joto kidogo kidogo mpaka kwenye skrini unakuwa sawa. Nikiuchapa kwenye karatasi unatoka na umanjano. Nimebadilisha wino, bado. Je, naweza kugusa kidogo tu mpangilio wa skrini? Kompyuta inataka neno la siri ulilofungia.

La pili, ndani ya boksi la skrini, kwenye lile sponji la kukingia, kuna shimo tupu, la ukubwa wa kipande cha sabuni. Vitu vyote vingine vina mashimo yake na vimo. Mle mlikuwa na nini?

Mdogo wako,
Kidole

9 Aprili

Kidole,

Marahaba. Huku sote wazima.

Nimekuandikia usiguse, na barua yako ya kwanza baada ya mashine kufika inauliza kama unaweza kugusa. Huo mkono wako haujakua?

Nisikilize vizuri. Umekaa miaka mbele ya skrini mbovu zenye umanjano, macho yako yamezoea umanjano, leo umeletewa nyeupe ya kweli unaiona buluu. Ni kama mtu aliyezoea chai ya sukari nyingi, ukimpa ya kawaida anasema umempa maji. Kosa ni la ulimi wake. Hiyo nyeupe nimeiweka mimi, mchana, karibu na dirisha, nikiwa na shati jipya jeupe mkononi, kama baba alivyokuwa akifanya. Nimekagua rangi kwenye kiwanda cha uchapaji hadi mabosi watatu wamekuja na kuondoka wakanikuta palepale. Wewe unaniuliza kwa sababu ya printa?

Printa yako ndiyo mbovu. Peleka ikatengenezwe. Na ukuta upake kama unavyouona kwenye skrini, kwa sababu skrini hiyo ndiyo shahidi wako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Neno la siri sitoi. Nitakupa siku utakayoacha kuniuliza.

Naandika haraka, nimekaa juu ya maboksi hapa na kengele ya kumaliza mapumziko inakaribia kulia. Msalimie mama.

Jicho

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Nilisikia la mkuu. Nililisikia kuliko nilivyosikiliza macho yangu. Nilimaliza picha kwa kufuata skrini yako, nikazituma, wakazisifu. Wakaniomba kipande cha rangi ya ukuta kwa ajili ya kiwanda cha rangi, nikakichapa. Kilitoka kama kawaida yake, na umanjano wake. Nikajiambia ni printa, kaka amesema ni printa, nikawatumia namba za rangi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Kiwanda kikachanganya kwa uaminifu kabisa. Wakapaka vyumba vyote.

Juzi mkunga mkuu amenipigia simu, akasema, "Dada, njoo. Usinitumie mtu, njoo wewe." Nikaenda. Ni mwanamke mfupi, mkali, miwani iko juu ya kichwa muda wote. Akaniingiza chumba cha watoto wachanga, akanisimamisha katikati ili nione mwenyewe.

Kuta ni za manjano, kaka. Manjano ya siagi iliyoachwa wazi. Mwanga wa dirishani unazigonga na kurudi kwenye vitanda, na kila mtoto aliyelala pale ana uso wa manjano.

Akaniambia, "Unajua mimi kazi yangu humu ni nini? Ni kutazama rangi ya mtoto. Mtoto akianza kuwa manjano mimi ndiye natakiwa nione. Sasa umenipakia ukuta huu, kila ninayemlaza hapa ni manjano. Mwenye ugonjwa nitamjuaje?"

Akaendelea, wala hakupandisha sauti, ambayo ni mbaya zaidi. Wiki ile mtoto mmoja alikuwa na manjano ya kweli na walichelewa kumwona. Siku hiyo alikuwa chini ya taa ya matibabu na wanasema anaendelea vizuri. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, akanisalimia kwa heshima kwa sababu alidhani mimi ni daktari. Nikamwitikia. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia wakati namwitikia.

Wanabeba watoto mmoja mmoja hadi kwenye korido kuwatazama. Kuta zitapakwa upya, na jengo la pili nimeambiwa wanalifikiria. Mtu mzima akikuambia analifikiria, ujue ameshalifikiria.

Nakutumia karatasi mbili ndani ya bahasha hii. Moja ni nyeupe niliyokuwa naitaka, nimeiomba kwa mchapaji mmoja wa mjini. Ya pili ni rangi iliyoko ukutani sasa hivi, ambayo kwenye skrini yako inaonekana nyeupe safi kama maziwa. Sikuandika nyuma ipi ni ipi kwa sababu hata kipofu atajua. Ziweke pamoja juu ya meza, zitazame, kisha uniambie tena kuhusu printa.

Na uniambie kwenye lile shimo mlikuwa na nini.

Kidole

25 Juni

Kidole,

Nimepata barua yako. Pole kwa huyo mtoto.

Lakini dharau hizi zimetoka wapi? Mimi nimekulea. Baba alipokuwa juu ya ngazi ni nani aliyekuwa anakufuta rangi mikononi kwa mafuta ya taa kabla mama hajaona? Leo unanitumia karatasi mbili zinazofanana, unaniambia nichague. Ulitaka kuona kama nitajifanya naona tofauti ili unicheke wewe na mchapaji wako wa mjini? Nimezitazama dirishani, nimezitazama chini ya taa, nimemwonyesha wifi yako, akaenda jikoni. Zote mbili ni nyeupe, zote zimetoka rimu moja. Mimi si mtoto wa kufanyiwa mafumbo.

Kama umekosea kazi yako sema umekosea. Watu hukosea. Usitafute kaka wa kubebesha.

Neno la siri sitoi, na habari ya shimo usiniulize tena. Kila boksi lina mashimo.

Naona umeniandikia habari za mtu mzima akikuambia jambo. Basi na mimi ni mtu mzima. Usiniandikie mpaka utakapokuwa na adabu.

Jicho

10 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo, na safari hii naitoa kwa moyo, ingawa nina hasira kuliko siku nyingine zote. Adabu niliyo nayo ni hii, hakuna nyingine stoo.

Barua yako ilifika nikiwa ofisini. Niliisoma nikaanza kukuandikia matusi, kweli kabisa, nilishajaza nusu ukurasa. Mama akaingia. Alikuwa amepanda ngazi zote kwa nyonga yake kuniletea mwavuli, na mvua haikuwepo; alitaka tu kuja kuona mashine aliyonunua mwanawe. Nikamkalisha kwenye kiti changu mbele ya skrini. Nilikuwa nimefungua ukurasa mtupu.

Akautazama. Akasema, "Mbona nyeupe hii ni ile ya baba yenu?"

Nikamuuliza ipi. Akasema, "Ile ya vibao vyake vya mwisho. Nyeupe yake ilikuwa inakwenda kwenye buluu, watu wakawa wanamcheka, wanamuuliza kama anaandika kwa maji ya kufulia. Mwenyewe anaona safi. Anagomba. Tulipompeleka hospitali wakasema ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, anaona dunia kama iko nyuma ya kioo cha chai. Ili nyeupe imwonekee nyeupe, alikuwa anaijaza buluu."

Kisha akageuka akaniuliza, "Nani kaweka hii?"

Nikampa barua yako akaisoma, akafika pale uliposema karatasi mbili zinafanana. Nilikuwa nimebakiza vipande vya karatasi zilezile, nikampa avishike. Akaviweka juu ya paja lake, kimoja huku kimoja huku. Hakulia. Alivikunja, akavitia kwenye mkoba wake, akaomba nimrudishe nyumbani.

Basi nimeelewa. Nimeelewa maboksi unayokalia wakati wa mapumziko, maana mkagua rangi hakai juu ya maboksi. Nimeelewa kwa nini barua zako siku hizi zina herufi kubwa kama za kibao na kurasa zimekuwa chache. Na wifi nimemwelewa, kwa nini alikwenda jikoni.

Na lile shimo. Nimemuuliza mchapaji, akafungua boksi la skrini yake iliyo kama yangu, akaniletea kilichomo: kipimo. Kidude kinachoning'inizwa juu ya skrini, kinasoma rangi, kinasema nyeupe ni nyeupe au siyo. Hakina baba wala jina la utani, kinapima tu. Ameniazima, nimekiweka kwenye skrini yako. Sitakuandikia kilichosema kwa sababu nadhani cha kwako kilishakuambia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kaka. Ungekuwa huoni na hujui, ningelia nikanyamaza. Lakini mtu hakitoi kipimo kwenye boksi kama hajui. Ulikichomeka, kikakukatalia, ukakificha. Halafu ukanifungia mlango kwa neno la siri ukaniambia macho yangu ndiyo mabovu. Nami nikakubali. Nilisimama mbele ya karatasi ya manjano nikajiambia siyo manjano, kwa sababu Jicho amesema.

Mtoto wa watu amekaa chini ya taa kwa sababu sisi wawili hatukutaka kuuliza swali moja mezani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe maradhi yako yanakatwa, kaka. Baba alikataa kukatwa kwa sababu aliogopa kisu, na sisi tulikuwa wadogo hatukuweza kumlazimisha. Sasa hivi si wadogo. Nenda hospitali. Usiponijibu kwamba umekwenda, namwandikia wifi, na wifi nitamwambia yote, mpaka siri yetu ya utotoni, ile ya baiskeli.

Kidole

22 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Hujajibu. Mama ameacha kuulizia midomo yako. Anauliza kama posta ya huko imefungwa.

Jengo la pili wamempa mtu mwingine. Vyumba vya wodi vimeshapakwa upya, na nyeupe safari hii alichagua mkunga mkuu mwenyewe, kwa kusimama mlangoni na mtoto mkononi. Yule mtoto wa taa ameruhusiwa, yuko kwao. Nimeona nikuambie kwa sababu katika barua yako ya hasira ile yeye ndiye mtu pekee uliyempa pole.

Mashine yako nimeifunika kitambaa. Fundi wa mtaani alitaka kuifuta yote aanze upya, nikamkatalia. Sijui kwa nini nimemkatalia. Nafanya kazi kwenye skrini ya kuazima, na kila asubuhi naipita ile yako na kuikasirikia.

Kidole

17 Oktoba

Mdogo wangu Kidole,

Marahaba, na zile shikamoo nyingine ambazo sikuziitikia, marahaba pia. Wifi yako anasalimu. Watoto wanasalimu. Mwambie mama posta haijafungwa, mwanawe ndiye aliyekuwa amefungwa.

Nimekatwa jicho la kulia. La kushoto zamu yake ni baada ya sikukuu. Ningeweza kungoja nikuandikie yote mawili yakiwa mazima, ila sitaki, kwa sababu sasa hivi ninayo yote mawili, la zamani na jipya, na nataka nikuandikie nikiwa bado naweza kulinganisha.

Siku walipotoa bandeji daktari alitegemea nifurahi. Nilikasirika. Koti lake lilikuwa jeupe namna ambayo nilishaisahau, na kwenye ukuta kulikuwa na bango lenye anga la buluu, buluu yenyewe, ile ya kopo la baba. Nilitaka kumuuliza vitu hivi vilikuwa vimewekwa wapi. Nimerudi nyumbani nikazunguka vyumba vyote kama mtu aliyeibiwa anayetafuta mwizi, na mwizi yuko ndani ya viatu vyangu.

Karatasi zako ninazo mezani. Nikifumba la kulia, ni pacha. Zimetoka rimu moja, kama nilivyokuandikia. Nikifumba la kushoto, moja ni nyeupe na nyingine ni ya manjano, na mtu anayeweza kumpakia mtoto mchanga ukuta ule anastahili kuchapwa. Nimefumba na kufumbua hadi wifi yako akaniambia niache, nitajiumiza. Sikuacha. Bado naendelea.

Ulichoandika kuhusu kipimo ni kweli. Nilikichomeka. Kikasema nyeupe yangu ni buluu. Nikakifuta kwa kitambaa nikakichomeka tena, kikasema vilevile. Nikakasirika na kile kidude kama ninavyokasirika na wewe. Kiwandani walikuwa wameshaniondoa kwenye rangi, baada ya katoni za maziwa kutoka na ng'ombe wa buluu, wakanipeleka stoo kupanga maboksi, na sikumwambia mtu yeyote. Nilibakiwa na nyeupe moja tu duniani ya kuweka kwa jicho langu, na ilikuwa yako. Kile kidude kikawa kinaninyang'anya na hiyo. Nikakitia kwenye droo. Leo nimekitoa, nimekifunga kwenye bahasha nene, kinakuja nyuma ya barua hii.

Jengo lililokwenda siwezi kukurudishia. Nimeandika sentensi nyingi hapa za kukuomba radhi nikazikata zote, kwa sababu kila moja ilikuwa inanitetea kidogo. Endelea kunikasirikia. Una haki, na sitakuambia upoe. Ila usiikasirikie mashine. Mashine ni nzuri, nilikuchagulia vizuri. Kadi, RAM, feni, hata kile kisanduku cha umeme, vyote hivyo vilichaguliwa na mtu anayeijua kazi. Skrini yenyewe haina kosa. Mimi ndiye niliyeifundisha uongo.

Mwambie mama avirudishe vile vipande vya karatasi kutoka kwenye mkoba. Najua bado vimo.

Neno la siri ni lile nililokuwa nakuambia kutwa dukani kwa baba, na nilirudia kwenye barua zangu: usiguse. Herufi ndogo, bila nafasi. Nina hakika hukulijaribu hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekukataza.

Kipimo kikifika, kichomeke, kisha liandike hilo neno, na kugusa kwako kote kwa utotoni ukumalizie hapo.

Gusa, mdogo wangu.

Kaka yako